Makosa Thelathini na Moja

9 Machi

Mpwa wangu,

Kwanza salamu, maana barua isiyo na salamu ni bili ya maji, na mambo ya bili unayajua wewe kuliko mimi.

Hapa tu wazima. Mke wangu amepanda maua katika kila kopo lenye tundu, na yasiyo na tundu ameyatoboa. Magoti yangu yananung'unika ngazini. Masikio ndiyo hivyo tena: mitambo ya gazeti iliyala kwa miaka thelathini na nane, sasa yamebaki ya kushikia miwani. Simu ikiita naiona tu inatetemeka mezani, na nikiipokea nasikia kama mtu anakoroma ndani ya pipa. Ndiyo maana anayenitaka huniandikia.

Na hapo ndipo penye kidonda. Nimejitoa kwenye lile kundi la familia la simuni. Binamu yako kinyozi aliandika, "xaxa mjomba ucjal 2po pamoja." Nikaitazama kama mtu anayesoma namba ya gari. Vijana hawa wamekula irabu zote, sijui zimewashibisha nini. Na wazee nao wameitupa herufi H: apa, uyu, ela, amna. Nikasahihisha kwa upole, kama ilivyo desturi yangu, nikajibiwa, "bax mjomba 2mechoka." Wamechoka! Mimi niliyekesha na koma za watu miaka yote hiyo sijachoka, wao ndio wamechoka. Nikabonyeza, nikatoka.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni mama yako. Dada yangu kanuna? Tangu Januari hajaniandikia hata neno. Nimempelekea salamu mara tatu, alama zinaonyesha zimefika, jibu hakuna. Kama ni ile karatasi, mwambie ulikuwa utani. Unaikumbuka: aliniandikia ujumbe mrefu kama kamba ya kisima, hauna koma wala nukta, nikauchapisha dukani kwa herufi kubwa, nikausahihisha kwa wino mwekundu, nikaupiga picha, nikauweka kwenye kundi. Makosa thelathini na moja. Chini nikaandika: Rudia. Watu kumi na wanne waliweka nyuso za kucheka, na wewe mwenyewe uliweka tatu kwa mpigo. Yeye ni fundi cherehani, hakuna aliyemtarajia awe mhariri. Mwambie asinune.

Mjomba wako,
Nukta
(jina mlinipa wenyewe, nami nimelipokea)


4 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilikaa kwa mlinzi wa ofisini wiki nzima, kwa sababu hakuamini kwamba bado kuna watu wanaoandikiwa barua. Akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Mpe mkeo salamu zangu, na makopo yake pia.

Mimi mzima. Kazi ni ileile, meza sita, kompyuta sita, na mji mzima unatuandikia kwamba maji hayatoki. Wanaandika wanavyojua. Leo asubuhi mmoja kaandika, "amna maji ck ya 4 mzee anaumwa nampa nn." Wewe ungepata makosa mangapi hapo sijui. Sisi tunaona nyumba yenye mgonjwa, tunatafuta mtaa, tunamtuma fundi wa mabomba. Msimamizi wetu hutuambia, "Msome mtu kwanza, maandishi baadaye."

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilichukua likizo nikaenda kwa mama wiki mbili. Hajambo, anakusalimu. Cherehani ameifunika shuka. Wateja wakija anawaambia wapite mwezi ujao. Yule jirani yetu muuza mkaa humpitia asubuhi na jioni, na ndiye anayemchotea maji.

Mama hajanuna, mjomba. Sijui niite nini, ila si kununa.

Ile karatasi bado unayo?

Mpwa wako


27 Aprili

Mpwa wangu, marahaba.

Nakurudishia barua yako ikiwa na alama. Usikasirike, makosa ni saba tu, na kwa ukoo wetu huo ni ushindi. Nimetumia penseli badala ya wino kwa sababu nakupenda.

Huku kopo moja la maua lilianguka dirishani likampata paka wa jirani. Paka ni mzima. Jirani ndiye hajapona, hatusalimii hadi leo.

Unauliza karatasi kama ninayo! Iko ukutani juu ya meza yangu, kati ya kalenda na cheti changu cha kustaafu. Mgeni akija namwonyesha. Nilipata kukueleza nilivyoisahihisha? Nilianza na neno la mwisho, nikarudi hadi la kwanza. Ndivyo tunavyosoma prufu, zile kurasa za majaribio, sisi wa zamani, kinyumenyume, neno moja moja, kama kuchambua mchele. Ukisoma kwenda mbele, maana inakubeba na macho yanaruka kosa. Ukirudi nyuma, maana haina pa kukushikia, ni maneno tu. Nimesoma hivyo matangazo ya vifo, hotuba na bei za vitunguu. Nikifika nyumbani mke wangu ananiuliza, "Leo gazeti limesema nini?" Namwambia, "Sijui, ila halina kosa."

Hizo salamu za mama yako nimezipima, naona zimetoka mdomoni mwako, si mwake. Mimi na dada yangu hatujawahi kutumiana salamu kwa wajumbe. Yeye aliacha shule darasa la nne, akakaa kwenye cherehani ya bibi yako ili mimi niendelee. Kaptura yangu ya shule aliishona yeye, na mfuko mmoja aliushona juu chini, nikatembea muhula mzima sina pa kutia kalamu. Nilimcheka, naye akacheka. Tumelelewa na utani sisi. Sasa mbona huu mmoja umemkaa kooni? Kama nina kosa aniambie, nimekula chumvi nyingi, nitalimeza.

Nukta


15 Mei

Mjomba, shikamoo.

Salamu za nyumbani leo nitaziruka. Mara iliyopita nilikuandikia kwamba mama hajambo. Nilidanganya, na salamu zile nilizitunga mwenyewe, umepima vizuri.

Nina ombi moja. Nenda ukutani, ubandue ile karatasi. Uketi. Uisome kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na mkononi usishike kalamu. Isome kama barua ya dada yako, maana ndivyo ilivyokuwa. Aliituma kwako peke yako, mjomba. Wewe ndiye uliyeipeleka kwa watu.

Sitakwambia inasema nini. Mimi niliisoma mwezi Machi, nimekaa sakafuni chumbani kwa mama, simu yake mkononi. Ukishaisoma, niandikie. Na barua hii ukitaka kunirudishia na alama zako, irudishe.

Mpwa wako


24 Mei

Mpwa wangu,

Nimesoma.

Nainakili hapa kama ilivyo, nisiiguse, kwa sababu nataka mkono huu uliotia wino mwekundu uandike kila neno lake:

"mdogo wangu abari za uko apa si kuzuri jicho la kushoto limeingia ukungu nashona kwa kupapasa daktali amesema wanipasue kabla mwezi uu aujaisha nikichelewa alitarudi na la kulia nalo limeanza wanataka ndugu aje aweke saini na kunishika mkono mtoto usimwambie ndo kwanza kapata kazi njo wewe naogpa mdogo wangu erufi zinanikimbia nabonyeza kwa kukisia usinicheke"

Penye "naogpa" nimezungushia duara, na pembeni nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri: herufi imepotea. Chini ya "usinicheke" nimepiga mistari miwili, kwa sababu mwishoni hapakuwa na nukta.

Nilidhani aibu naijua. Mwaka mmoja gazeti letu lilitoka na jina la marehemu chini ya picha ya bwana harusi, na prufu nilikuwa nimesoma mimi. Siku ile nilirudi nyumbani kwa vichochoro. Leo naona ile ilikuwa mchezo wa watoto. Natamani ardhi ipasuke inimeze. Mke wangu alinikuta nimeketi na karatasi, akainama akaisoma juu ya bega langu, akaisoma kwenda mbele kama watu wengine. Alikwenda kusimama kwenye makopo yake, akanipa mgongo hadi chakula kikaungua. Miezi minne karatasi ilikuwa ukutani, na wageni wamepita, na hakuna hata mmoja wetu aliyeisoma. Tulitazama wekundu tu.

Niambie sasa. Alikwenda hospitali? Nani alimshika mkono? Jicho liko wapi? Usinionee huruma, niambie kama yalivyo.

Na wewe uliweka nyuso tatu. Sikulaumu, sina mdomo wa kulaumu mtu. Nauliza tu. Wewe ulisoma nini?

Mjomba wako


13 Juni

Mjomba, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Mlinzi ameniuliza kama siku hizi nalipwa kwa kuchana karatasi. Hii ya nne nitaituma vyovyote itakavyokuwa.

Uliniuliza nilisoma nini. Sikusoma kitu. Nilikuwa kwenye foleni ya chai kazini, simu ikalia, nikaona wekundu, nikaona neno Rudia, nikabonyeza nyuso tatu nikafunga simu. Siku hiyohiyo nilisoma ujumbe mia na kumi wa watu nisiowajua, mmoja mmoja, hadi mwisho. Wa mama yangu mzazi sikuusoma. Ukali wa barua yangu ya Mei nusu ulikuwa wangu mwenyewe. Niliuelekeza wote kwako kwa sababu ilikuwa nafuu kwangu aibu ikae nyumba moja. Nisamehe kwa hilo.

Sasa niyaseme yalivyokuwa. Siku ile mama alipokutumia ujumbe alikaa mlangoni na simu mapajani, anangoja. Baada ya muda ikaanza kulia. Ikalia tena, ikawa inalia mfululizo. Mama akafurahi, akamwita muuza mkaa. "Hebu nisomee, mdogo wangu kanijibu." Muuza mkaa akatazama, akataka kumrudishia simu. Mama akamwambia, "Soma basi, anakuja lini?" Yule baba akasema, "Wanacheka, Fundi."

Hayo nimeyasikia kwa muuza mkaa. Mama mwenyewe hajawahi kuyataja.

Mwisho wa Januari alikwenda hospitali peke yake, akipapasa ukuta mmoja hadi mwingine. Wakamrudisha kwa sababu hakuwa na ndugu wa kuweka saini. Februari akaenda tena, wakamrudisha tena. Machi muuza mkaa alivaa shati lake la kanisani, akaenda akawaambia yeye ni kaka yake. Wakapokea. Daktari akamulika la kushoto, akasema limekwisha. Ndipo yule baba akaitafuta namba yangu, nami nikaenda.

La kulia bado linaona, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Likipasuliwa sasa litabaki. Lisipopasuliwa litamfuata mwenzake. Wamempangia tarehe 8 Julai, saa mbili asubuhi, wodi ya macho, orofa ya pili. Hataki. Nimembembeleza, nimempigia magoti, nimemwambia nitaomba ruhusa nije nimshike mkono mimi. Akaniambia, "Mwanangu, nilishaita mara moja." Kisha akageukia ukutani.

Sikwambii la kufanya. Nimekwambia tarehe.

Mpwa wako


12 Julai

Mpwa wangu,

Nakuandikia nyumbani kwa mama yako, nimeketi kwenye kiti chake cha kushonea. Ulingoja jibu wiki kadhaa hukupata. Niliona nikiandika tena nitakuwa nimefanya kile ninachokiweza, na safari hii palitakiwa kitu nisichokiweza. Nikapanda basi. Siku mbili njiani, magoti hayana hamu.

Nilifika mchana wa tarehe 4. Nikabisha mlango. Baadaye nimeambiwa alikuwa ndani anauliza, "Nani?" Mimi sisikii, nabisha tena. Yeye anauliza, mimi nabisha, yeye anauliza, mimi nabisha, hadi muuza mkaa akapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Fundi, fungua, ni mtu mwenye miwani!" Akafungua. Akanitazama kwa upande kama kuku. Akanyoosha mkono akanishika sikio, lile la kushoto lenye kovu la mwiba. Akaliachia. Akasema kitu nisichokisikia, akaingia ndani, mlango akauacha wazi. Muuza mkaa ameniambia alisema, "Chai ipo jikoni."

Kwa siku tatu hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake yote: chai ipo, maji yapo. Nilitaka kuomba radhi, nikafungua kinywa mara nyingi, lakini kumwomba msamaha mtu asiyekutazama ni kazi ngumu, na nilistahili iwe ngumu. Basi nikaifunua cherehani. Nikaifuta vumbi, nikatia mafuta. Nikachukua sindano zake zote, kumi na nane, nikatunga uzi kila moja, rangi zote alizonazo, nikazichoma kwenye kile kimto chake cha sindano zikae tayari. Ilinichukua asubuhi nzima. Yeye alikuwa kitandani, anasikiliza mkasi. Jioni alikuja kuzipapasa, akazihesabu kwa kidole.

Sikumtajia hospitali. Asubuhi ya tarehe 8 nilimkuta amevaa viatu.

Walinipa fomu. Nimesoma kurasa nyingi maishani, ile ndiyo ya kwanza kuisoma kutoka juu kwenda chini na kila neno likaniingia. Nikaweka saini penye neno ndugu. Muuza mkaa alikuja pia, na shati lilelile, na muuguzi akatutazama sote wawili akauliza kaka ni yupi. Nikasema, "Wote." Nilimshika mkono dada yangu hadi kwenye mlango ambao hawaruhusu mtu kuupita. Kidole chake cha shahada kina vitundu vya sindano, kigumu kama kisigino. Nilikuwa nimesahau.

Amerudi nyumbani na bendeji. Wataifungua Ijumaa, ndipo tutajua. Daktari ana matumaini, mimi naogopa kuyashika kwa nguvu.

Kwenye kundi la familia nimerudi, kinyozi amenirudisha. Niliandika mbele ya wale kumi na wanne kwamba dada yangu aliniita, nami nikamfanya kichekesho kwa watu. Nilipoisoma nikaona nimeruka herufi mahali pawili. Nimeziacha. Kinyozi akajibu, "poa mjomba 2meelewa 2nakuja ijumaa." Nilimwelewa mara moja.

Kisha jana. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda karibu na kitanda chake. Akauliza kwa sauti kubwa, kwa ajili ya masikio yangu, "Ile karatasi umekuja nayo?" Nilikuwa nayo, kwenye mfuko wa shati. Sikuwa nimeichana, nilijiona sina haki ya kuichana. Nikasema ninayo.

"Nisomee."

Nikamwambia, "Dada, ina wino wangu."

"Wino siuoni. Nisomee nilichosema."

Nikasoma. Nilianza na "mdogo wangu", nikaenda mbele. Nilipofika kwenye "naogopa" nikavua miwani, nikaifuta, nikaendelea. Nikasoma hadi "usinicheke". Nikakunja karatasi. Yeye alikuwa amelala chali, bendeji juu ya macho, mikono kifuani. Nilidhani amelala usingizi.

Akasema, "Haya. Sasa nijibu."

Miaka thelathini na nane nilitengeneza maneno ya watu, mpwa wangu, na pale sikuwa na langu hata moja. Nililia kwanza, kwa kelele, maana kiziwi hajui kulia kimyakimya. Halafu nikamwambia, "Nakuja, dada."

Akasogea kunifikia, akaweka mdomo kwenye lile sikio langu lenye kovu ili nisikie vizuri.

"Umechelewa," akasema.

Kisha akarudi akajisogeza ukutani, akapigapiga godoro kwa kiganja, akaniachia nafasi ya kukaa.

Mjomba wako